Fundi Asajile, shokapu tatu na trei nane za mayai

Tuanze na jambo moja ili msomaji ajue yuko mikononi mwa nani. Mwandishi wa makala haya anazijua baiskeli. Aliendesha ya kwanza akiwa darasa la tatu, akaenda nayo sekondari miaka minne, kwenye tope na kwenye vumbi, na hadi leo hajawahi kuanguka nayo. Hata mara moja. Kwa hiyo haya yanayofuata yameandikwa na mtaalamu.

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu. Ukungu bado umelala juu ya Chapwa, kata ya mji wa Tunduma, na malori yaliyokesha foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia yanaanza kukohoa moja baada ya jingine. Nyuma ya foleni, kwenye kibanda cha bati kisicho na mlango, Asajile Mwampashi (43) amepiga magoti mbele ya baiskeli, mkononi ana kipande cha bomba.

Anaua shokapu.

Baiskeli nyingi za mtumba zinazofika hapa zina shokapu mbele, zile nguzo mbili zenye springi ndani ambazo hubonyea gurudumu likipiga shimo. Kwa mtu anayekwenda matembezi, ni raha. Kwa kijana anayevusha mifuko ya saruji mpakani, ni adui, maana kila akikanyaga pedeli, nusu ya nguvu inaishia kwenye kudunda. Kwa hiyo Fundi Asajile hutoa springi, huingiza bomba, huchomelea. Shokapu inageuka chuma kikavu.

"Mulishani, ba fundi?" anasalimia mwenye baiskeli, kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka mapema.

"Bwino. Dakika kumi tu, goti lako litakuwa marehemu."

Shokapu yeye anaziita magoti. Miaka kumi na sita amefanya kazi hii, na anasema hakumbuki hata goti moja aliloliacha hai. Kila moja anatoza shilingi elfu tano. Siku nzuri anarudi nyumbani na elfu kumi na tano. Siku mbaya anarudi na mikono michafu.

Ni katika asubuhi hiyo ambapo mwanamke mmoja anatokea kwenye ukungu, anasukuma baiskeli nyekundu iliyochujuka rangi, ya zamani, yenye springi mbele na nyingine nene nyuma, chini ya siti. Maandishi kwenye fremu yamefutika, zimebaki herufi tatu zisizosema lolote.

Fundi Asajile hakumuuliza kitu. Alilaza baiskeli, akachukua bomba refu zaidi, akaanza kupima la kuziba nyuma.

"We fundi! We fundi, acha!" mwanamke alipiga kelele mpaka dereva wa lori akachungulia dirishani. "Nimeinunua kwa sababu inadunda!"

Fundi Asajile alibaki na bomba hewani. Alimtazama mteja, akaitazama baiskeli, akamtazama tena mteja. "Dada," alisema taratibu, "unataka ibaki hai?"

Hapo ndipo mkanganyiko wa wiki nzima ulipoanza.

Mwanamke huyo ni Tumpale Kibona (34), mfugaji wa kuku kutoka Mbebe, wilayani Ileje. Ana kuku wapatao mia tatu, na kila Jumamosi huleta Tunduma trei nane za mayai. Kutoka bandani kwake hadi kufika lami kuna kilomita tisa za mawe, mteremko na makorongo. Baada ya hapo ni lami tupu, hakuna shida. Shida yote iko kwenye zile tisa.

"Kwa baiskeli ya kawaida nilikuwa napoteza yai moja katika kila sita," anasema Tumpale. "Nimeweka majani makavu, nimeweka godoro, nimeweka mpaka kanga zangu. Nikifika, sanduku linatiririka."

Mnunuzi wake ni Jofrey, kijana mwenye banda kubwa la chipsi mayai karibu na stendi. Jofrey alishampa neno la mwisho. "Nikiagiza trei nane nataka trei nane, si trei saba na uji," alimwambia. "Jumamosi hii nakusubiri. Ukileta pungufu, ya wiki ijayo nachukua upande wa pili."

Upande wa pili ni Zambia, hatua mia chache tu. Tumpale alirudi nyumbani, akauza jogoo kumi na wawili na mbuzi mmoja, akanunua baiskeli nyekundu.

Ila baiskeli ilikuwa na tatizo. Shokapu ya nyuma ilikuwa nzima. Ya mbele, mguu mmoja ulikuwa umepinda, na Fundi Asajile alipoifungua, mpira uliokuwa ndani ukamwagika mkononi mwake kama ugali wa juzi. Hiyo haikuwa ya kutengeneza. Ilitakiwa nyingine.

"Shokapu ninazo," alisema, akaingia nyuma ya kibanda ambako hutupa alivyong'oa kwenye baiskeli za watu. Alirudi na tatu, akazilaza juu ya gunia. Fupi, ya kati na ndefu.

"Chagua," alisema.

"Mimi nichague? Fundi ni wewe," alijibu Tumpale.

"Mimi kazi yangu kuziua, dada. Sijawahi kuchagua ya kuishi."

Akaanza kuzipima kwa vidole, namna anavyopima kila kitu. Alizisimamisha moja moja, akazikandamiza kwa uzito wake wote, akaangalia zinabonyea kiasi gani. Fupi ilibonyea vidole vitatu ikagonga. Ya kati vidole vinne. Ndefu ilizama vidole saba na bado ilikuwa na hamu.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo, na kwa kuwa anazijua baiskeli alitoa ushauri bila kuombwa: ndefu. Njia ina mashimo makubwa, shokapu inayozama zaidi inameza shimo kubwa zaidi. Hesabu ya darasa la tano.

"Eeh," alisema Fundi Asajile, akimtazama mwandishi kwa heshima kubwa. Wakati huo alikuwa bado anamheshimu.

Lakini vijana wa mizigo waliokuwa wakisubiri zamu nao walikuwa na mdomo. Mmoja alisema fupi, kwa sababu mzigo hupenda kitu kigumu. Mwingine alisema zote takataka, aweke bomba. Wa tatu alishauri Tumpale aache mayai, auze viazi. Kila aliyesimama alikuwa na jibu na hakuna majibu mawili yaliyofanana.

Tumpale aliiacha baiskeli na kurudi Mbebe. "Ijumaa mchana nitaifuata," alisema, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga, fundi. Maisha yangu ndiyo hayo nimeyalaza hapo."

Usiku ule, anasema Fundi Asajile, hakulala vizuri. Ana sababu yake.

Alizaliwa Mbozi, kwenye shamba la kahawa la baba yake, mtoto wa sita kati ya tisa. Alipokuja Tunduma alianza kwa kuvusha mizigo kwa baiskeli, kisha akawa anajitengenezea, kisha wenzake wakawa wanamletea. Mwaka wa pili wa ufundi, rafiki yake Yesaya alimletea baiskeli yenye shokapu iliyovunjika. Fundi akamfungia nyingine, nzuri, mpya mpya, ndefu kuliko ile ya zamani. Hakupima. Iliingia, akaona inatosha.

"Wiki tatu tu," anasimulia. "Shingo ya fremu ikakatika, pale shokapu inapoingilia. Yesaya akala lami. Meno manne ya mbele yakaenda. Mpaka leo akicheka anaziba mdomo kwa mkono, na mimi nikimwona anaziba, naona mkono wangu."

Yesaya hakumdai chochote, bado ni marafiki. Lakini tangu siku hiyo Fundi Asajile hamruhusu mtu kuondoka kibandani na kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Kuua shokapu ni salama. Chuma kikavu hakina siri.

Jumanne asubuhi alikuja na wazo. Alichukua ile shokapu mbovu iliyotoka kwenye baiskeli, akanyoosha futi ya kamba kuanzia linapokaa gurudumu hadi pale inapoingia kwenye shingo ya fremu. Sentimita arobaini na tano. Akapima tatu zake. Fupi arobaini na mbili. Ndefu hamsini. Ya kati arobaini na tano kamili.

"Aliyeitengeneza alikuwa na akili zake," alisema. "Fremu hii aliikatia mguu wa urefu huu. Na tazama nyuma." Alikalia siti, springi ya nyuma ikashuka. Akapima. Vidole vinne. "Nyuma inashuka vinne, mbele inashuka vinne. Zinaongea lugha moja."

Ya kati, basi. Mpira wa ndani ulikuwa umechoka, akakata mwingine kutoka kwenye mpira mzito wa lori uliotupwa, wa aina ile inayokaa chini ya springi. Tunduma haikosi mpira wa lori. Alikata vipande sita vya mviringo kwa wembe na uvumilivu, akavipanga ndani. Kufikia mchana baiskeli ilikuwa imesimama.

Ilibaki majaribio. Mama Lusungu, anayeuza chai, chapati na mayai ya kuchemsha pembeni ya kibanda, alitoa trei ya mayai yaliyokwisha kuchemshwa. "Yakipasuka mtakula," alisema. "Mabichi siwapi, nawajua."

Kijana mmoja, mtanashati, aliyekuwa amesimama hapo bila kazi maalumu, alijitolea kuendesha. Trei ilifungwa kwenye keria, akaondoka kuelekea kwenye bomba la maji, kama mita mia mbili kwenye njia ya changarawe. Alikwenda vizuri. Aligeuza vizuri. Akiwa anarudi, ghafla baiskeli ikazama mbele, ikanyanyuka nyuma, na kijana akawa chini.

Mayai yalitawanyika hadi chini ya lori. Vijana wa mizigo walikimbia kutoa msaada, wakaanza na mayai. Ndani ya dakika mbili ushahidi wote ulikuwa umeliwa.

"Imekuwaje?" Fundi Asajile aliuliza, uso umembadilika.

"Shokapu," alisema kijana, akijifuta goti. "Imezama yenyewe. Nilikuwa naenda zangu tu, ikazama."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, fundi."

Fundi aliinua baiskeli, akaizungusha, akaikandamiza mara ishirini. Kila mara ilishuka vidole vinne, ikapanda. Hakukuwa na tatizo analoliona. Lakini mtu alikuwa ameanguka kwenye njia tambarare, bila mzigo wa maana. Mbebe kuna miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa adabu.

Akaitoa ya kati. Mikono ilikuwa inafanya kazi, mawazo yalikuwa kwa Yesaya.

Jumatano alifunga ndefu. Mwandishi wa makala haya alifurahi, ushauri wake ukipewa nafasi iliyostahili. Furaha hiyo ilidumu mpaka baiskeli iliposimamishwa. Mbele ilikuwa juu, nyuma chini, usukani umefika kifuani.

"Hii sasa fisi," alisema kijana mmoja wa mizigo, na kweli, ilikuwa fisi.

Fundi mwenyewe alifunga sanduku la mawe kwenye keria, uzito wa trei nane, akaipandisha kilima kilicho nyuma ya nyumba za Chapwa. Gurudumu la mbele lilikuwa linanyanyuka kila akikanyaga. Usukani ulikwenda ulikotaka. Aliporudi alikuwa anahema na amekunja uso.

"Kwenye kushuka ni tamu, inameza kila kitu," alisema. "Kwenye kupanda inakutafutia kaburi. Na shingo inalia. Nimeisikia. Krii, krii. Sauti hiyo naijua."

Ikatolewa.

Alhamisi ikaja fupi. Safari hii baiskeli ilikuwa sungura, matako juu, kichwa chini. Mwendeshaji alikuwa analalia mikono. Trei ya majaribio, ambayo safari hii fundi alinunua mwenyewe dukani na kuichemsha kwenye jiko la jirani, iliondoka na mayai thelathini ikarudi na nyufa kumi na nne. Kila shimo lilipofika, shokapu iligonga mwisho, ngo, kama mtu anayebisha mlango.

Mama Lusungu hakuwepo siku zote hizo mbili. Jumanne ileile, baada ya mayai yake kuliwa, alifunga biashara akaenda Vwawa kufuatilia kitambulisho, akalala kwa dada yake. Kwa hiyo hakuyaona mambo ya fisi wala ya sungura, wala hakusikia ile ya kati imeondolewa kwa kosa gani.

Kufikia Alhamisi jioni, Fundi Asajile alikuwa amekaa juu ya tairi, shokapu tatu mbele yake, akizigeuza kama mtu anayetafuta jina la mtoto.

"Ndefu itamwangusha akipanda. Fupi itamvunjia mayai. Ya kati..." Akaiinua. "Futi inasema ya kati. Vidole vinasema ya kati. Goti la yule kijana linasema hapana. Sasa nimwamini nani, futi au goti?"

Mwandishi wa makala haya aliandika swali hilo daftarini. Kijana mwenye goti naye hakuwa mbali, ila alikuwa ameingiwa na hamu ya ghafla ya kusoma namba za malori.

Ijumaa saa nane mchana Tumpale aliwasili, kwa miguu tangu Mpemba, njia panda ya kwenda Ileje, sanduku jipya la mbao kichwani. Alilitengenezesha kwa seremala wa kwao, lina vyumba vinane, kila trei na chumba chake. Alikuwa anacheka alipofika. Alipomwona fundi, akaacha.

"Haijawa?"

"Dada, kaa kwanza."

"Fundi, usiniambie nikae. Kesho Jumamosi. Iko wapi?"

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani bila mguu wa mbele. Fundi Asajile alimweleza yote, hakuficha kitu. Fisi, sungura, na ile ya kati iliyomwangusha mtu mchana kweupe.

"Kwa hiyo unafunga ipi?" Tumpale aliuliza.

"Kwa hiyo sijui."

"Hujui?"

"Sijui, dada. Miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kunisikia nikisema hivyo, lakini sijui. Siwezi kukupa iliyomtupa mtu. Nilishampa mtu mmoja, nikaona matokeo." Aliinama, akaokota kipande cha bomba. "Acha niiue ya mbele. Nachukua ya kati, naijaza bomba. Nyuma itabaki inadunda. Utafika nyumbani mzima."

"Na mayai?"

Fundi alianza kupima bomba.

Tumpale alikaa juu ya sanduku lake. Hakulia, lakini alianza kuvua viatu na kukung'uta mawe yasiyokuwemo. "Basi iue," alisema mwishowe. "Jofrey atachukua ya upande wa pili. Niliuza mbuzi, fundi. Iue tu."

Fundi Asajile aliikamata ya kati, akafungua kofia ya juu, akaanza kutoa vile vipande vya mpira alivyovikata kwa wembe. Cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka.

"Hiyo mnaiua kwa kosa gani?"

Ni Mama Lusungu, aliyerudi kutoka Vwawa mchana ule, anawasha jiko lake.

"Ndiyo iliyomwangusha yule kijana Jumanne, mama. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nilikuwa nimesimama hapa hapa," alisema Mama Lusungu. "Shokapu haikumwangusha mtu. Alikuwa anajipiga video."

Fundi akaacha kuchomoa cha tatu. Hata jiko lilingoja.

"Anajipiga nini?"

"Video! Simu mkono wa kulia, ameinyoosha hivi, anaongea nayo, 'mambo vipi wadau, tuko Tunduma'. Usukani ameshika kwa kushoto tu. Mbuzi akakatiza, akabana breki. Mimi nilidhani mnajua. Mlikuwa mmemgeuzia mgongo, mnabishana."

Fundi Asajile aliinuka polepole. Alikwenda hadi kwenye baiskeli, akashika breki ya kushoto, akafuata waya wake kwa kidole, kutoka usukani hadi mwisho. Waya uliishia kwenye breki ya gurudumu la mbele, iliyobaki ikining'inia.

"Hizi za nje, baadhi yake breki ya mbele iko kushoto," alisema, kama anajisemea. "Ukibana ya mbele peke yake, kwa nguvu, mkono mmoja... hata ukiwa na shokapu ya dhahabu, utaenda chini." Aligeuka. Alimtazama kijana mwenye goti kwa muda mrefu kidogo. "Yenyewe, eeh?"

Kijana alikubali kwamba huenda breki nayo ilichangia.

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Fundi alirudisha kipande cha kwanza cha mpira, akarudisha cha pili, akafunga kofia, akaifunga ya kati kwenye baiskeli. Kabla ya kumkabidhi Tumpale, alifunga sanduku la mawe kwenye keria, akapanda mwenyewe, akaipandisha baiskeli kile kilima, akaishusha kwa kasi, mikono yote miwili kwenye usukani. Akarudia. Akarudia tena. Safari ya tatu alirudi anapiga mluzi.

"Chukua, dada. Hii si fisi wala si sungura. Hii baiskeli."

Tumpale aliondoka saa kumi, jua likiwa bado lina nguvu. Fundi Asajile alisimama barabarani mpaka alipopotea nyuma ya malori. "Leo ndiyo sitalala kabisa," alisema.

Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, baiskeli nyekundu ilitokea upande wa Mpemba. Tumpale hakwenda stendi kwa Jofrey. Alikuwa amempigia simu Jofrey aje Chapwa, kwa sababu, alisema, sanduku hili litafunguliwa mbele ya fundi.

Likafunguliwa. Chumba cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu. Fundi Asajile alikuwa ameuma kitambaa cha kufutia grisi. Cha tano kilikuwa na yai moja lenye ufa. Cha nane, kilichokaa nyuma kabisa, kilikuwa na moja lililovunjika na kukauka. Mayai mia mbili na arobaini, yameharibika mawili.

"Hilo la nane ni kosa langu," alisema Tumpale. "Niliruka mtaro, nilisahau kama nina mzigo. Ilikuwa inateleza kama niko kwenye gari."

Jofrey aligeuza mayai, akayatazama kwenye mwanga, akatafuta la kulalamikia. Hakulipata. "Wiki ijayo leta trei kumi," alisema. "Sanduku lako lina vyumba vinane, hilo shauri lako."

Fundi Asajile alikaa juu ya tairi lake na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akaonekana kama mtu aliyekaa. Juu ya kichwa chake, lile bomba refu alilokusudia kuulia shokapu ya nyuma lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari.

"Nitaendelea kuziua za mizigo, hiyo ndiyo kazi inayonilisha," alisema. "Lakini nataka nipate meza moja, pale pembeni, na msumeno mzuri wa kukatia mpira. Kuna wenye mayai, wenye nyanya, kuna manesi wanaozunguka vijijini na dawa. Wote wamepita hapa nikawaulia bila kuwauliza. Nimeua nyingi mno. Nataka nianze kuuliza." Alifikiri kidogo. "Na ya Yesaya nitaitengeneza bure. Hai. Kwa kupima."

Hapo makala haya yalikuwa yameisha vizuri. Mwandishi, kama ilivyo kawaida, aliwasomea wahusika alichoandika tangu mwanzo, ili wahakikishe maneno yao. Walisikiliza kwa utulivu. Fundi alirekebisha miaka yake. Tumpale aliomba idadi ya kuku isitajwe kamili, wezi wanasoma magazeti.

Kisha akauliza, "Lakini huyo kijana wa video ni nani? Siku ile kila mtu alikuwa anatazama chini, sikumjua. Nataka nimwone. Nusura anizikie shokapu."

Mwandishi alieleza kwamba ni mpita njia tu, na kwa sasa atakuwa amefika mbali sana.

Mama Lusungu alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Mpita njia gani anakunywa chai kwangu kila nikifungua?" alisema. "Mwanangu, pandisha hiyo suruali. Mguu wa kulia. Mwonyeshe dada."

Fundi Asajile alianza kucheka, akajaribu kuzuia kwa kile kitambaa cha grisi, akashindwa.

"Hutaki? Basi leta simu," aliendelea Mama Lusungu. "Video si ipo? Mtu aliyehangaika vile hawezi kuifuta."

Tumpale alinyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri. Video ina sekunde kumi na tisa. Waliitazama mara tatu, Jofrey mara nne, na mbuzi anaonekana vizuri.

Mama Lusungu aliweka kikombe cha chai mbele ya mwandishi, kwa upole, kama anavyowekewa mgonjwa.

"Haya, tusomee tena pale mwanzo, mwanangu," alisema. "Pale pa 'hata mara moja'."